Je, nimruhusu mchezaji wangu awe sentauri?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Tuko watano, tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa dadu na wahusika wa kubuni, kila Jumamosi jioni, na mimi ndiye msimamizi wa mchezo. Tumemaliza kisa kimoja, tunaanza kingine. Mwenzetu mmoja anataka mhusika wake awe sentauri: kuanzia kiunoni kwenda juu ni mtu, kwenda chini ni farasi. Mwingine anapinga kabisa. Anasema viumbe nusu-mtu ni wa kupigana nao, hawachezwi, na kwamba hata Wagiriki wenyewe waliwatunga wawe maadui. Nimruhusu? Na nikitaka kutunga mbari yangu ya nguva kwa ajili ya nchi ya pwani niliyoichora, nianzie wapi?"

Jibu:

Marahaba. Mruhusu, lakini kwanza kaa naye muupime huo mwili.

Nusu-mtu ni mwili kabla hajawa kitu kingine chochote. Mwili huo usipofanya kazi mezani, usipowafungulia mlango mmoja na kuwafungia mwingine, basi mwenzako atacheza binadamu wa kawaida aliyechorewa mkia kwenye karatasi ya mhusika. Nimesimamia michezo hii miaka mingi, na wachezaji wengi walioniomba sentauri walimsahau farasi kufikia Jumamosi ya tatu. Hawakuwa wavivu. Mimi ndiye sikuwapa pa kumtumia.

Nianze na huyo anayepinga, maana hoja yake ina mizizi. Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974, sentauri na minotauri, mtu mwenye kichwa cha ng'ombe dume, walikuwa kwenye orodha ya viumbe wa kukutana nao njiani. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kiliruhusu binadamu, mbilikimo wa aina tatu, elfu wa msituni wenye masikio marefu, na machotara wawili: nusu-elfu na nusu-oriki, mwenye damu ya mazimwi ya kivita. Sasa angalia hao wawili. Wazazi wao ni wa mataifa mawili, lakini wote husimama kwa miguu miwili, huvaa deraya ileile, hupanda farasi yuleyule na kupita mlango uleule. Kwa hiyo tangu mwanzo mchezo ulitenganisha nusu ya damu na nusu ya umbo. Ya damu ilikaribishwa mezani, ya umbo ikaachwa porini.

Naamini sababu kubwa ilikuwa ramani. Mchezo ulizaliwa kwenye mahandaki yenye milango myembamba, ngazi na mashimo, ukachorwa kwa miraba. Farasi hafai humo. Lakini mwaka huohuo wa 1978 ulitoka mchezo mwingine wa Marekani, RuneQuest, ulioshika njia tofauti. Humo kila kiumbe hupimwa kwa vipimo vilevile vya binadamu, na kila umbo lina jedwali lake la kuonyesha pigo limetua wapi. Mtu ana kichwa, kifua, tumbo, mikono miwili na miguu miwili. Sentauri anaongezewa kiwiliwili cha farasi na miguu minne, basi. Ukimvunja mguu mmoja wa nyuma anaendelea kupigana akichechemea. Mwili umeingia kwenye hesabu, na hesabu ikampa nafasi ya kuchezwa. Mimi nilijifunza mengi kwenye jedwali lile moja kuliko kwenye kurasa nyingi za maelezo ya tabia.

Kwa upande wa Wagiriki, mwenzenu amekosea, na amekosea mahali patamu. Moja ya sanamu maarufu za sentauri wa kale ni ya udongo, imetoka Lefkandi kwenye kisiwa cha Euboea, na ina umri wa karibu miaka 2,900. Kichwa chake kilikutwa kwenye kaburi moja na mwili kwenye kaburi jingine. Kwenye goti lake kuna chale iliyokatwa makusudi kabla udongo haujachomwa. Wataalamu wengi wanapoiona chale ile humkumbuka sentauri Chiron, aliyejeruhiwa kwa mshale wa shujaa Heracles. Na Chiron ni nani? Ni mwalimu. Alimlea shujaa Achilles, akamfundisha Asclepius uganga, akamkuza shujaa Jason. Hakuna anayemzika ndugu yake na sanamu ya zimwi la kuchinjwa.

Hata ugomvi mkubwa wa sentauri, ule uliochongwa upande wa kusini wa hekalu la Parthenon huko Athens katika karne ya 5 KK, ulitokea harusini. Pirithous, mfalme wa Walapithi, alikuwa anaoa. Sentauri walialikwa, wakalewa, wakataka kumnyakua bibi harusi na wanawake wengine. Walialikwaje? Kwa mapokeo mengi Pirithous alikuwa mtoto wa Ixion, na sentauri walitokana na Ixion huyohuyo kupitia kwa mwanawe Centaurus, aliyezaa na majike ya farasi chini ya mlima Pelion. Walikuwa ndugu! Vita ile ni ya ukoo, na inaumiza kwa sababu hiyo. Mpe mchezaji wako kisa cha namna hiyo na hutahitaji kumtafutia historia ya mhusika: ana binamu wenye miguu miwili wanaomwonea aibu, na kuna harusi miezi mitatu ijayo.

Kuna jambo jingine hapo ambalo vitabu vya mchezo huwa vinalipita. Chiron hakuwa wa ukoo ule. Baba yake alikuwa mungu Cronus aliyejigeuza farasi, na mama yake Philyra. Umbo moja, asili mbili. Ndiyo maana wachoraji wa vyungu walimpa mara nyingi miguu ya mbele ya mtu na vazi begani, huku sentauri wengine wakichorwa wanyama kuanzia kiunoni. Ukitunga mbari, usilazimishe kila mwenye kwato nne awe wa kabila moja. Acha wawili wanaofanana kabisa wakutane njiani na kila mmoja akatae kuitwa ndugu wa mwenzake.

Sasa mwili wenyewe.

Kwenye toleo la tano la Dungeons & Dragons, sentauri wa kuchezwa alikuja mwaka 2018 katika kitabu cha nchi ya Ravnica, kisha akarudi 2020 katika kitabu cha Theros, nchi iliyojengwa juu ya hadithi za Kigiriki, akiwa pamoja na minotauri na satiri, mtu mwenye miguu ya mbuzi. Angalia walichofanya watunzi. Sentauri wa kwenye kitabu cha viumbe ni mkubwa, anakalia miraba minne ya ramani. Huyu wa kuchezwa wamempunguza akawa wa kadiri ya mtu, mraba mmoja tu, ila anahesabiwa mkubwa anapobeba au kuburuta mizigo. Mwendo wake kwa zamu moja ni futi 40 badala ya 30. Akikimbia futi 30 mfululizo na kumpiga adui kwa silaha, anaongeza teke la kwato. Na kupanda? Kila futi moja ya kupanda kwa mikono na miguu inamla futi nne za ziada. Fanya hesabu: kwa futi zake 40 anapanda futi 8 tu, wakati binadamu mwenye futi 30 anapanda 15.

Watu hulalamika kwamba kumpunguza ukubwa ni kumharibu. Mimi nakubaliana na watunzi, kwa sababu kiumbe wa miraba minne huziba njia ya wenzake kila pambano, na wachezaji wanne hawawezi kukaa nyuma ya mkia mmoja mwaka mzima. Lakini kanuni ya kupanda usiiguse. Iache ikae palepale, na ubuni mahali ambapo itauma.

Nikupe mfano. Mezani kwangu kundi lilifika kwenye kisima kikavu, na chini yake ndiko kulikokuwa na njia. Wanne wakashuka kwa kamba. Sentauri hakuweza, akabaki juu ameshika kamba yenyewe, imefungwa kiunoni mwake. Usiku ukaingia, fisi wakaja. Alilazimika kupigana bila kusogea, maana kila hatua aliyorudi nyuma iliwainua wenzake, na kila hatua aliyokwenda mbele iliwashusha. Hakuna kilichoandikwa kwenye karatasi yake kilichotuahidi usiku ule. Kilikuwa ni kisima, kamba, na miguu minne. Hadi leo wakikutana wanauliza, "Kamba imeshikwa?"

Wagiriki na Warumi wenyewe waliuchungulia mwili huu kwa macho makali, na hoja walizotumia kuukanusha ndizo zana nzuri za msimamizi. Lucretius, mshairi Mrumi wa karne ya 1 KK, aliandika kwamba sentauri hawezi kuwepo kwa sababu farasi wa miaka mitatu yuko kwenye nguvu zake, na mtoto wa binadamu wa miaka mitatu bado anatafuta titi la mama. Tabibu Galen, zaidi ya karne mbili baadaye, aliuliza kiumbe kama huyo angepandaje ngazi za ujenzi, angekwea mlingoti wa meli vipi, angekaa wapi afanye kazi za mafundi. Wao waliuliza ili kufunga mjadala. Wewe uliza ili kuufungua.

Chukua swali la Lucretius. Kitabu cha Ravnica kimelijibu kwa sentensi moja: sentauri hukua na kuzeeka kama binadamu. Ni jibu salama. Lakini mtoto wa farasi husimama ndani ya saa moja au mbili baada ya kuzaliwa. Hebu fikiria kijiji ambacho kichanga kinaweza kukimbia siku ya kwanza na hakitaelewa neno "usiende" kwa miaka miwili. Watu hao watajenga vipi? Watakuwa na zizi la watoto katikati ya makazi, na wazee waliochoka mbio watakaa mlangoni. Matusi yao yatatokana na huko, na nyimbo zao za kubembeleza zitaimbwa mtu akitembea. Sasa una mila, na hukunakili mila za taifa lolote la kweli kuzipata.

Chukua na chakula. Farasi wa kilo 500 hula karibu kilo kumi za majani makavu kwa siku, na hutafuna muda mrefu wa siku yake. Sentauri ana kinywa na meno ya mtu. Ama anakula uji wa nafaka debe zima, ama tumbo lake lina siri. Amua moja, umwambie mchezaji, kisha mkifika mjini mfanye mwenye nyumba ya wageni atoe bei mbili. Sentensi moja ya muuza chakula inafanya kazi ya ukurasa mzima wa maelezo.

Kuhusu minotauri nitasema kidogo, kwa sababu ni somo la upande wa pili. Sentauri walikuwa watu wengi tangu mwanzo. Minotauri alikuwa mmoja. Alikuwa na jina, Asterion, na mama, malkia Pasiphae wa Krete, na aliwekwa ndani ya jengo lisilotokeka kwa kosa ambalo hakulitenda yeye. Ukimgeuza mmoja kuwa taifa, lazima ujaze pengo kubwa: wanaishi wapi, wanafanya nini siku isiyo na vita. Waliofaulu, kwa maoni yangu, ni watunzi wa ulimwengu wa Krynn uliotolewa na TSR, kampuni iliyochapisha Dungeons & Dragons, kuanzia 1984. Minotauri wao ni mabaharia wa visiwa vya Mithas na Kothas, wenye heshima kali na viwanja vya kupambana. Mwana wa Krete amerudishwa baharini. Pembe zimebaki, gereza limeondoka, na hakuna aliyelazimika kumwonyesha akila watu ili atambulike.

Satiri tunawapita haraka. Jua tu kwamba kwenye vyungu vya zamani vya Kigiriki walikuwa na masikio na mkia wa farasi; miguu ya mbuzi ilikuja baadaye kwa kuchanganywa na mungu Pan. Na satiri wa Theros ana kinga dhidi ya uchawi inayompa kurusha dadu mara mbili na kuchukua kubwa, jambo ambalo kundi la wanaoanza litalihisi kuwa si haki. Kama mtu atamtaka, zungumza naye kwanza kuhusu hilo.

Neno moja kuhusu lugha, na hili nalisema kwa uzito. Juu huko nimetumia neno "machotara" kwa nusu-elfu na nusu-oriki, kwa sababu ndivyo tunavyosema. Mezani silitumii. Kwenye meza ya watu watano kuna uwezekano mkubwa yupo mmoja ambaye neno hilo alirushiwa shuleni. Mchezo wenyewe umetembea njia hiyo: toleo jipya la mwaka 2024 halina tena nusu-elfu wala nusu-oriki kama mbari zao peke yao kwenye kitabu cha wachezaji, na neno lililotumika miaka yote kwa maana ya mbari limebadilishwa. Sikulaumu ukiwapenda nusu-elfu; nami nawapenda. Ninachokuomba ni kwamba umbo la ajabu lisiwe kisingizio cha kusema kuhusu viumbe vile ambavyo mtu anaogopa kusema waziwazi kuhusu majirani zake. Ukiandika "mbari hii kwa asili ni wezi", futa. Andika wanachohitaji, wanachokosa, na aliyewanyima.

Sasa nguva wako, na hapa una bahati ambayo watunzi wa Dungeons & Dragons kule Wisconsin, Marekani, hawakuwa nayo.

Kiswahili kina neno moja kwa mnyama na kwa mwanamke-samaki. Nguva wa kweli bado yupo kwenye maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa, ingawa wamebaki wachache sana. Ananyonyesha, na chuchu zake ziko kwapani, karibu na mapezi. Anakula majani ya bahari kwenye maji ya kina kifupi. Anaishi hata miaka 70, na jike huzaa mtoto mmoja baada ya miaka kadhaa. Wanasayansi waliita kundi lake kwa jina la sireni wa Kigiriki, na hapo kuna mkanganyiko mzuri: sireni waliomwimbia Odysseus, baharia wa hadithi za Kigiriki, walichorwa kama ndege wenye vichwa vya wanawake. Walikuja kupewa mikia ya samaki karne nyingi baadaye. Nguva wetu amebeba jina la ndege.

Kwa hiyo usianze na mrembo wa juu ya mwamba mwenye kitana. Anza na mnyama. Hapumui majini, anabana pumzi na kupanda juu. Mpe mhusika nusu saa ya kubana pumzi, usimpe mapafu ya samaki, ili kila upiganaji wa chini ya maji uwe na saa inayotembea. Wanategemea malisho ya majani ya bahari, kwa hiyo wanapigania maji mafupi, palepale ambapo wavuvi wanataka kutega. Watoto ni wachache na wazee ni wengi, basi kila ugomvi wa mpaka una shahidi aliyekuwepo wakati mkataba unawekwa. Una siasa ya nchi nzima na bado hujaandika uchawi hata mmoja.

Utapata tatizo moja la kweli: nchi kavu. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, ambayo mwaka 2024 iliwapa wachezaji sentauri, minotauri na watu-samaki kwenye toleo lake la pili, nayo ilibidi ihangaike na mkia. Njia rahisi ni kumpa mhusika miguu akitaka, mkia akitaka. Usiifuate. Mkia unaoondoka bure hauna kazi.

Funga miguu yake kwenye maji. Maji yakipwa, ana miguu, ana takriban saa sita. Maji yakianza kujaa, mkia unarudi, awe yuko sokoni, barazani kwa sultani au juu ya ukuta. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hukimbia mbali na miguu yake huwa imara, anatembea hadi mashamba ya bara. Na maji yakirudi yanarudi kwa nguvu. Siku za maji mafu, bahari isipopwa sana, miguu ni dhaifu, anahitaji fimbo au mtumbwi. Chora jedwali la maji la mwezi mmoja, libandike ukutani pale mnapochezea. Wachezaji wataanza kulisoma wenyewe kabla ya kupanga safari, watabishana kama wavuvi kuhusu saa ya kutoka, na hutahitaji kuwakumbusha tena kwamba mmoja wao ni nguva.

Unakumbuka hadithi tuliyosimuliwa wengi wetu tuliokulia pwani, ya mwanamke mzuri wa usiku, mtu akatupa jicho chini na kuona kwato chini ya buibui? Hadithi hiyo inaishia kwenye miguu, kwa sababu ndani yake nusu ya mnyama ni siri. Kwa nguva wako iweke siri hiyo mwanzoni: watu wa mji wanajua. Mwenye duka akimwona anatazama kwanza jua, kisha bahari, ndipo anamwuliza anataka nini. Anza kikao cha kwanza na duka hilo, maji yakiwa yamebakiza saa moja kuanza kujaa, na sentauri wako akiwa nje mlangoni kwa sababu hapiti.